Sinthi: semi-modula ama analogi ya kawaida yenye memori? Begi lina nafasi ya kitu kimoja

biti_za_mbagala

Wakuu habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu kidogo mnivumilie, wiki ya pili hii naumiza kichwa na mke wangu ameshachoka kuniona saa saba usiku naangalia video za Wazungu wenye ndevu wanazungusha nobu bila kuongea.

Iko hivi. Natengeneza biti nyumbani Mbagala, programu ya FL Studio na laptopu basi. Kazi zangu ni bongo fleva, singeli zikija, na muziki wa nyuma wa matangazo ya redio ambao kusema kweli ndio unalipa kodi ya nyumba. Miaka yote plagini, sinthi za ndani ya kompyuta. Sasa nataka sinthi ya kweli, mashine ya kutengeneza sauti, nimejichanga nina kama milioni moja na laki sita, na mtoto wa mjomba yuko Uingereza anakuja Desemba, kasema kwenye begi lake kuna nafasi ya kitu kimoja tu, nisimletee habari za "na hiki kidogo".

Nimebakiwa na mbili, zote mtumba: Korg minilogue xd na Moog Mother-32. Ya kwanza ina funguo kama kinanda na inahifadhi sauti. Ya pili ni kiboksi chenye matundu ya waya upande wa kulia na nilipoona jamaa amezichomeka zile kebo za rangi zinaning'inia kama tambi moyo wangu ukasema hii ndiyo yenyewe. Kuna rafiki yangu anasema analogi halisi ni ile ya waya, hizi zingine za kisasa ni kompyuta imevalishwa nobu. Mwingine anasema semi-modula ni midoli ya watu wenye hela na muda.

Mimi ninachotaka ni besi nene na kuacha kusikika kama kila mtu. Nichukue ipi? Na hiyo semi maana yake nini hasa, nusu ya nini?

---

FundiWaya_Tanga

Mkuu karibu. Kwanza huyo rafiki yako mwambie taratibu kwamba amechanganya vitu viwili. Analogi ni namna sauti inavyotengenezwa, yaani umeme wenyewe unapanda na kushuka kwenye saketi ndio unakuwa sauti. Modula au semi-modula ni namna vipande vilivyounganishwa. Kwa hiyo Mother-32 ni analogi NA ni semi-modula, na minilogue xd ina oskileta (kipande kinachozalisha mlio) mbili za analogi, filta (inayopunguza au kuachia ukali wa mlio) analogi, halafu wameiongezea oskileta ya tatu ya dijitali pamoja na dilei na riverbu (miangwi) za dijitali. Hapo kwenye ya tatu rafiki yako ana robo ya hoja. Kuna na MicroFreak ya Arturia, ile oskileta zake ni dijitali na filta ndiyo analogi, watu wanaiita analogi kwa mazoea tu.

Sasa semi. Modula kamili ukiinunua ni kama nyumba ambayo haijavutwa waya, swichi iko hapa, balbu iko pale, usipovuta waya wewe mwenyewe utakaa gizani. Ndiyo maana modula isiyo na kebo hata moja haitoi mlio. Semi-modula fundi ameshakuvutia ndani: oskileta imeshaenda kwenye filta, filta imeshaenda kwenye amplifaya, unawasha unapiga. Matundu yale ya pembeni kila moja lina swichi ndogo ndani yake, ukichomeka kebo inakata ule waya wa ndani na kupokea wa kwako. Wenye jenereta wataelewa haraka, ni chenjiova. Umeme wa kawaida upo, ukileta wa kwako ule wa kwanza unakaa pembeni, ukichomoa unarudi.

Ni wazo la zamani wala si fasheni ya juzi. ARP 2600 ya 1971 ilikuwa hivyohivyo, Korg MS-20 ya 1978 pia.

Swali la kujiuliza siyo ipi analogi zaidi. Jiulize hivi: kesho asubuhi unataka ile sauti ya jana irudi au hapana? Mother-32 inakumbuka pateni za sikwensa yake (sehemu inayojipigia noti kwa mpangilio), zile hatua 32, lakini nobu zilikuwa wapi haikumbuki hata moja. Ukizima, mtoto akapita akagusa filta, kwaheri.

---

dada_frekwensi

Salimia watu kutoka Nairobi 🙌🏾

Naongezea hapo kwa kukumbuka sababu mimi hiyo kitu imenifinya. Nina Behringer Neutron, ni semi-modula pia, oskileta mbili, matundu ya kebo 56, manze inanguruma hadi dirisha linatetemeka. Sasa mwaka juzi nikafanyia jamaa tangazo, besi moja tamu sana, akalipa dipositi akapotea. Wiki tatu baadaye anarudi anasema iko sawa lakini mwimbaji hafiki hapo juu, shusha kila kitu toni moja, na besi ibadilike kidogo kwa kiitikio. Kidogo! Mimi nilikuwa nimesharekodi ile besi kama odio, nobu zote nimeshazigeuza mara mia, kebo nimezitoa nikaenda nazo kwa gig ingine. Nilikaa masaa mawili na nusu natafuta ile sauti. Sikuipata. Nikapata cousin yake. Jamaa akaskia akasema "si ndio hii lakini kuna kitu imetoka", na alikuwa sawa, mimi mwenyewe nilikuwa naskia.

Tangu siku hiyo kila nikimaliza pachi (mpangilio wa nobu na kebo) napiga picha na simu, nobu zote zionekane na kebo zote, na narekodi noti moja moja ndefu, do mpaka do, kisha naziweka kwa sampla, ile inapiga sauti zilizorekodiwa. Hiyo inasaidia. Lakini picha haikuonyeshi kama nobu iko saa tisa ama saa tisa na dakika tano, na kwa filta hizo dakika tano ndizo sauti yenyewe.

Halafu kitu ingine hujaambiwa, Mother-32 ni sauti moja. Noti moja kwa wakati mmoja. Ukifinya tatu hupati kodi (ya muziki, si ile nyingine). minilogue xd ni noti nne. Bongo fleva bila pedi (sauti ndefu za kujaza nyuma) na zile kodi laini za nyuma utaifanya aje? Utarudi tu kwa plagini na hiyo Moog itabaki ya besi peke yake.

Kwa kazi ya klayenti mimi naenda na xd bila kufikiria. Neutron yangu siuzi lakini. Hiyo ni ya Jumapili.

---

kipusa_wa_berlin

Hamjambo. Mimi nitakuwa upande wa pili maana naona kesi inasikilizwa na shahidi mmoja.

Nilianza na sinthi ya priseti, yaani sauti zilizotengenezwa tayari. Mwaka mzima nilikuwa nasokota kile kitufe cha kuchagua, sauti ya 1, ya 2, ya 3, nikipata nzuri napiga, yaani nilichokuwa nafanya ni kile kile nilichokuwa nafanya na plagini ila sasa kwa mikono. Nilipochukua semi-modula (Grandmother, ile ya funguo 32 na springi riverbu ndani) hakuna cha kuchagua. Iko kimya inakuangalia. Ukitaka besi inabidi ujue besi ni nini: wimbi gani, filta imefungwa kiasi gani, envelopu (jinsi sauti inavyopanda na kushuka) inafunguka haraka au polepole. Miezi mitatu nilijua vitu ambavyo sikuvijua kwa miaka minne, na nikirudi kwenye plagini sasa sichagui priseti, naanza sifuri.

Kebo moja tu nikupe mfano. Kwenye sinthi ya kawaida LFO (wimbi la polepole la kutikisa sauti) inakwenda pale mtengenezaji alipoamua iende, kwenye mwinuko wa noti, filta, labda upana wa wimbi. Kwenye Mother-32 unachukua kelele, ile noizi, unaichomeka kwenye mwinuko wa oskileta, unafupisha envelopu, tayari una ngoma ya chuma inayopasuka ambayo hakuna menyu ingekupeleka huko. Au unaingiza sauti ya nje, rekodi ya manyanga au sauti ya mtu anaita abiria, inapita kwenye filta ya Moog. Kwa mtu anayefanya singeli ya mapigo mia mbili na kitu kwa dakika, vipande vifupi vya ajabu vinavyojirudia ndio mali yenyewe, hakuna anayehitaji pedi pale. Huyu ndugu kasema hataki kusikika kama kila mtu. Nilidhani hilo ndilo swali.

Ila onyo, na hili naliandika kwa machungu. Hiyo Mother-32 inafunguka kwenye boksi lake na kuingia kwenye rafu ya Eurorack, ina upana wa HP 60 (HP ni kipimo cha upana kwenye rafu hizo). Eurorack ni ule mfumo ambao Doepfer wa Ujerumani walianza nao kwenye miaka ya tisini, kebo za pini ndogo ya milimita 3.5, umeme wa volti 12 chanya na hasi. Siku utakayonunua rafu tupu "ili Moog ikae vizuri" ujue umeingia. Rafu yenye nafasi wazi inadai kujazwa. Mimi naishi mji ambao kila mwaka kuna maonyesho ya Superbooth, naenda "kuangalia tu", na nguo za baridi nimevaa zilezile misimu minne.

---

mshika_panya

Kwani spika za kusikilizia unazo mkuu? Maana kuna watu hapa wananunuana mashine za milioni na nusu halafu wanamiksi kwa hedifoni za simu. Kuna Vital, plagini ya bure, besi zake utalia. Nunua spika na godoro za kuweka ukutani, mengine ni ushamba wa waya.

---

dada_frekwensi

@mshika_panya hujakosea kwa spika lakini swali haikuwa hiyo buda 😂

---

biti_za_mbagala

Spika ninazo, nilinunua mwaka jana kwa jamaa aliyekuwa anahama, wala usinitukane mkuu.

Duh. Nilikuja na kichwa kimoja naondoka na viwili. Fundi ile ya chenjiova imeniingia kabisa sasa naelewa kwa nini ile video jamaa alichomoa kebo zote na bado ilikuwa inalia. Dada wa Nairobi hiyo stori ya klayenti ni ya kwangu umeniibia, mimi ananiomba nipandishe lakini FL nabonyeza tu inapanda, sikuwahi kufikiria kwamba huku haitapanda. Kipusa naye kanirudisha palepale kwenye tambi.

Maswali mengine mawili. Moja, joto. Chumba changu ni bati na feni moja, saa nane mchana mle ndani ni tanuri. Nasikia analogi zinapoteza tuni. Pili, umeme wa huku mnaujua unavyokuja na kwenda, zitaungua?

---

FundiWaya_Tanga

Joto: ni kweli. Oskileta ya analogi mwinuko wake unafuata volti, na vipande vyake vya ndani vinafuata joto, kwa hiyo ikiwashwa baridi na baada ya nusu saa si ileile. Sinthi za zamani ndiyo zilikuwa zinatesa, za sasa zina fidia ya joto ndani, na xd inajipanga tuni yenyewe, kompyuta yake inasikiliza oskileta moja moja na kuzirudisha kwenye mstari. Mother-32 unaipanga wewe kwa mkono, kuna nobu ya tuni. Dawa ni rahisi tu, iwashe, nenda kanywe chai, rudi, panga, ndiyo uanze kurekodi. Usipange feni ikiwa inapuliza mashine halafu ukaizima feni ili mwimbaji arekodi, utanikumbuka.

Umeme: hizi zote mbili hazichomekwi ukutani moja kwa moja, zina adapta, na adapta zenyewe kwa kawaida zinakubali volti 100 mpaka 240, soma tu maandishi madogo mgongoni. Kinachoua siyo kukatika, ni kurudi. Chomoa ukikatika, rudisha baada ya dakika chache. Hata kile kilinzi cha friji ni bora kuliko kutokuwa na kitu.

Lakini kinachojaza meza yangu ya ufundi siyo umeme wa nguzoni, ni adapta za kuazima. xd inataka volti 9. Mother-32 inataka volti 12. Pini zake kwa macho unaona zinafanana. Kuna kijana aliniletea sinthi ya volti 9 amechomeka adapta ya ruta, ya 12, kwa sababu "iliingia vizuri". Iliingia vizuri kweli. Nilimrudishia kama stendi ya kuegeshea simu.

Na ninyi wa pwani kuna chumvi. Hapa Tanga jeki na nobu zinashika kutu ya kijani ndani ya miaka miwili ukiwa karibu na bahari, unazungusha zinakwaruza krrr krrr. Sinthi yenye matundu thelathini na mawili ina milango thelathini na miwili ya chumvi kuingilia. Funika na kitambaa usiku, na uwe na kopo la spreyi ya kusafishia kontakti, siyo WD ya baiskeli jamani, ile ya vifaa vya umeme. Kebo za pachi tafuta za mono, ile pini ina mstari mmoja mweusi. Zile za kuunganisha simu na redio zina miwili, hizo ni stereo, saa nyingine zitakubali saa nyingine zitakufanyia vituko.

---

MzeeKinanda_Unguja

Assalaam alaykum. Naona vijana mnaongea mumejaa humu wala hakuna anayeamkia mtu.

Miye napiga kinanda kwenye taarabu tangu vinanda vina vifuniko vya mbao. Sina haja ya besi nene. Nna haja ya Rasti, ile maqamu, skeli ya muziki wa Kiarabu. Anayejua anajua, kwenye Rasti ile mi na ile si hazikai kwenye ufunguo mweupe wala mweusi, zinakaa baina yao. Kanuni inaipata, fidla inaipata, udi hauna hata mipaka shingoni unaiteleza tu. Kinanda ndicho kinachotia aibu. Hichi changu cha sasa cha arenja, chenye midundo ya tayari ndani, kina mahala pa kushusha robo toni, lakini sauti zake zimekuwa kama biskuti, kila harusi ileile. Sasa nauliza, hizi mnazozisema zinaweza?

---

kipusa_wa_berlin

Shikamoo mzee wangu, samahani sana, ni mtandao umetuharibu adabu.

Swali lako ni zuri kuliko letu wote. Jibu fupi: xd inaweza. Ina sehemu ya kubadilisha skeli, unatengeneza ya kwako, kila noti unaishusha au kuipandisha kwa senti. Nusu toni ni senti 100, kwa hiyo mi na si unazishusha kama 50 unaanzia hapo. Ndugu yake mdogo Monologue nayo inaweza, ile ya noti moja, ambayo kwa kupiga melodi peke yake inatosha na ni nyepesi kubeba.

Mother-32 kwa hili itakuchosha. Ndani mwake hakuna noti kuna volti tu, volti moja kwa okteva, nusu toni moja ni kama volti 0.083, robo toni kama 0.042. Kwa maana hiyo Rasti imo humo, maqamu zote zimo, volti haina mipaka kama udi wako. Lakini sikwensa yake na vile vitufe vyake vinapanda kwa nusu toni nusu toni. Itabidi utafute kifaa kingine cha kutoa hizo volti za katikati, na hapo tumerudi kwenye ule ugonjwa wangu wa rafu.

Na ikiwa mtu atakushauri MS-20 Mini kwa sababu ni nzuri (ni nzuri kweli, inapiga kelele kama paka kwenye bati) aelewe haifuati volti moja kwa okteva, Korg wa enzi hizo walitumia hesabu nyingine, hezi kwa volti. Ukiiunga na vifaa vya Eurorack bila kigeuzi, okteva ya huku si okteva ya kule.

---

MzeeKinanda_Unguja

Marahaba mwanangu. Senti hamsini kamili siyo Rasti, hiyo ni hesabu. Inapanda kidogo, na ukiwa unashuka si sawa na ukiwa unapanda. Lakini nimefahamu, ntaisikiliza kwa sikio langu nitie ninapotaka. Inao ule ufunguo mdogo mdogo au wa kawaida?

---

kipusa_wa_berlin

Midogo mzee, 37, vidole vitabanana. Ila kuna ya mezani isiyo na funguo kabisa, unaiunga kwa midi (njia ya kupitisha noti toka kifaa hadi kifaa) na kinanda chako hichohicho cha arenja. Ya hivyo ndiyo ingekufaa.

---

biti_za_mbagala

Shikamoo mzee. Wakuu nimerudi, leo Jumatatu.

Ijumaa kuna mtu alinitumia meseji pembeni akaniambia kabla sijaagiza chochote nishushe VCV Rack, ni programu ya bure, ni rafu ya modula ndani ya kompyuta, unavuta kebo kwa panya. Kipusa nadhani ni wewe umejificha. Basi Jumamosi mke na watoto wameenda kwa bibi Kibaha nikafunga mlango. Feni ya laptopu ikaanza kulia kama bajaji inapanda mlima, lakini ilikwenda.

Nimekaa toka saa tatu asubuhi, chakula cha mchana nimekula saa kumi na moja. Nilianza na ile ya noizi kwenye mwinuko kama alivyosema, ikatoka ngoma moja ya ajabu sana nimeipenda mpaka nimeirekodi na tayari iko kwenye singeli ya jamaa mmoja wa Manzese, yeye anadhani nimeisampo mahali. Halafu nikajaribu besi. Besi ilitoka. Halafu, na hapa ndipo nilipojishika, kila nikipata besi mkono unaenda kutafuta kodi. Nikipata kodi nafungua VCV nyingine niziweke nne, laptopu inakwama. Nimehesabu treki kumi za mwisho nilizolipwa: nane zina pedi au kinanda cha kodi, singeli mbili tu. Kumbe ninachokipenda kukiangalia na ninacholipwa kukifanya havikai nyumba moja.

Na jambo jingine, Jumapili nimefungua ile faili na kila kebo ilikuwa palepale. Nikafurahi. Halafu nikakumbuka Moog ya kweli nisingeikuta hivyo.

Kwa hiyo nimemwambia mtoto wa mjomba aitafute xd. Kuna moja kaiona, aliyeitumia anasema funguo moja ya chini inabonyea tofauti na zingine. Kaniambia kuna punguzo kwa ajili hiyo. Nimwambie aichukue?

---

dada_frekwensi

Congrats 🎉 Kwa hiyo key mwambie atume video anaipiga polepole alafu kwa nguvu, kila mara itoe sauti. Kama inatoa basi ni chafu ya chini tu, inafunguliwa inasafishwa. Kama saa ingine inanyamaza omba punguzo kubwa ama uachane nayo.

Na ile ngoma ya VCV tupostie bana.

---

kipusa_wa_berlin

Ni mimi, nimekamatwa. Hujakosea uamuzi. xd ina matundu mawili madogo ya volti mgongoni, ukija kuhamia upande wangu siku moja mlango upo. Na ukipata laki mbili tatu za kuchezea kuna Volca Modular, kidude cha Korg cha ukubwa wa kitabu, kinakula betri sita za kawaida kwa hiyo hata umeme ukikatika unaendelea, waya zake ni vile vijiti vyembamba vya mafundi redio. Hiyo inaingia kwenye mfuko wa koti, mtoto wa mjomba asijue.

---

FundiWaya_Tanga

Kabla hajalipa: aiwashe, aiache nusu saa, apige okteva zote kwa sauti nne kwa pamoja, asikilize kama kuna moja inayotoka nje ya tuni baada ya kujipanga. Ajaribu nobu zote kama zinakwaruza. Afungue priseti, azime, awashe, aone kama memori inashika.

Na adapta yake YENYEWE ije nayo. Volti 9. Aifunge pamoja na sinthi kwa solotepu ikibidi, isije ikabaki kwenye droo huko Uingereza halafu wewe ukaangalia ile ya ruta.

---

biti_za_mbagala

Nimemtumia meseji sasa hivi kuhusu adapta. Kajibu: "adapta si kitu cha pili hicho?" 😭

---

MzeeKinanda_Unguja

Ikifika, kabla hujaifungia chumbani, ishushe hiyo mi na hiyo si, upige, uturekodie dakika moja. Nataka nisikie kwanza ndipo nimtume mtu.